Mfuko wa Yurea Niliokalia

Agripina, uko wapi? Leo nimeaibika, Misigiri nzima imeona!

Nilipeleka alizeti yangu kiwandani ikamuliwe mafuta. Nikamwona Calist, fundi wa boila, lile tanuri lao la mvuke, anasukuma mifuko ya yurea kwa toroli. Yurea! Mahindi yetu yamekuwa ya njano kwa kukosa mbolea, yeye anaipeleka kwenye moto wa makaa ya mawe?

Nikaukalia mfuko mmoja. Nimeukalia kabisa, na kanga nikaitandaza.

"Shikamoo, bibi."

Sikuitikia. Agripina, mimi huyu kumnyima mtu marahaba! Nikamwambia, "Mwizi wa mbolea simwitikii." Watu wakajaa.

Kijana jasho linamtoka. "Bibi, makaa yakiungua yanatoa hewa ya sumu, oksidi za nitrojeni. Tunayeyusha yurea kwenye maji, tunaipulizia kwenye moshi ukiwa bado na joto kali, ile sumu inapungua. Wapima moshi wako ndani. Bila mfuko huo wanatufungia kiwanda leo."

"Na alizeti yangu?"

"Utarudi nayo hivyo hivyo."

Mwenzangu, niliinuka kama msichana!

Yaani nilikuwa nimekalia mafuta yangu mwenyewe.

Kipimo wamefaulu. Wakati Calist ananitolea dumu langu la mafuta, nikamwambia, "Marahaba."

"Ya nini, bibi?"

"Ile ya asubuhi."

Watu walicheka mpaka wapima moshi wakatoka kuchungulia.

Na wewe, Agripina, unayekaa nyuma ya ukuta wa kiwanda, ukikohoa kesho usisingizie moshi wao. Ni ugoro wako huo.