Swali Uliloulizwa Kwenye Usaili

Micheweni, Pemba

Kwa kaka yangu Hamdan Kificho, Unguja Mjini.

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba Mungu barua hii ikukute u mzima, wewe na wifi Shamima na watoto. Sie huku hatujambo. Mama magoti yamempa nafuu, ameanza tena kushuka pwani kwenye mwani wake. Yeye hana kinyongo nawe na anakusalimu. Mie ninacho, na kwa kuwa simu zangu hupokei, nimekaa kukuandikia kwa mkono.

Programu ya bamvua, ile ya kuhesabu maji makubwa ya mwezi, unaijua. Niliiandika kwa miaka miwili, nikishinda na mama na wenzake, ili simu iwaambie siku na saa maji yatakapotoka washuke kwenye mashamba yao ya mwani. Nikakuletea ofisini kwako unisaidie kuitangaza. Ukaitangaza kweli, kwa jina lako. Nilipolalamika, baba yako, Ami Kificho, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, akatuita mbele ya watu wa ukoo akakuuliza. Ukaapa kuwa ni yako. Ami akaniambia niache kumfedhehesha ndugu yangu, nikakushika mkono nikakuomba radhi, mimi niliyeibiwa. Niliumia, kaka, na sijapoa mpaka leo.

Sasa habari yangu ni kwamba nimepata kazi. Ni kampuni ile ile kubwa ya ng'ambo iliyokusaili wewe mwezi wa Rajab, na nafasi ni ile ile ya mhandisi mwandamizi wa programu. Walinisaili mara nne kwa video, siku mbili, nikiwa kwenye chumba cha kompyuta cha skuli kwa sababu nyumbani mtandao unakatikakatika. Kwanza walinipa tatizo nilitatue huku wananitazama ninavyoandika, jasho likanitoka mgongoni. Kisha wakataka niwapangie mfumo wa kutumiwa na watu milioni kumi. Hapo nilikwama, nikawaambia wazi kuwa sijui, wanipe dakika nifikiri, wakanipa. Mara ya tatu waliniuliza kama nimewahi kukosana na mwenzangu wa kazi. Ah, nusura nicheke.

Mara ya mwisho nilikuwa na mkuu wao, mama mmoja mpole. Aliifungua programu ya bamvua akaniuliza swali lile uliloulizwa wewe: kwa nini tarehe inabadilika jua likizama, isingoje saa sita usiku. Nikamweleza kuwa kina mama wanahesabu maji kwa mwezi wa kuandama, na kwetu siku mpya huingia magharibi. Ukiisogeza mpaka saa sita usiku, anayeangalia simu baada ya kuswali atahesabu siku moja nyuma, na atashuka pwani siku isiyo yake. Mtoto yeyote wa Micheweni angejibu hivyo. Hata wewe ungejibu, kama ungeketi na mama yangu hata siku moja.

Nasikia unawaambia watu kuwa kazi ulinyimwa kwa sababu wale hawataki watu wa visiwani. Waache wale, kaka. Aliyekunyima ni mimi.

Kampuni iliniandikia mimi kwanza. Waliikuta anwani yangu ndani ya programu, mahali uliposahau kufuta, wakauliza nani mwandishi. Nikawajibu kuwa mwenyewe ni Hamdan, wamsaili yeye, ila wasiache kumuuliza kuhusu magharibi. Swali lile nililitunga mimi. Wallahi nilikuwa tayari kuikosa kazi. Ungesema tu, "Hii ameiandika Saada," ningekaa kimya maisha yangu yote, na nafasi ingekuwa yako. Yule mkuu wao alinirudia kuniambia ulichojibu. Ulisema, "Hilo ni kosa la msichana niliyemwajiri kunichapia." Hapo ndipo nilipomweleza kila kitu, nikamwomba anisaili mimi.

Nilikutega, sikatai. Niliomba uanguke, ukaanguka, nami nimefurahi. Mungu anisamehe kwa furaha hiyo, lakini wewe safari hii sikuombi radhi.

Nisalimie wifi Shamima, yeye hana kosa, na unibusie Nusaiba na wadogo zake. Mama anasema msikose kuja Idi. Ukiipokea barua hii utaona bahasha imeshafunguliwa, usimlaumu mtu wa boti. Nikishatia sahihi naipeleka kwa Ami Kificho aisome yote, tangu salamu, na nitakaa mbele yake mpaka amalize. Kama atakutumia au atakuja nayo mwenyewe, hilo nimemwachia yeye.

Wasalaam,

Ni mimi ndugu yako,
Saada Msellem