Gari la Maharusi la Dada Roda

Tunduma, 4 Machi 2001

Mdogo wangu Edson,

Pokea salamu za kwetu. Huku wazima, isipokuwa goti la Mama linamsumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haijui kupumzika. Shemeji yako Yonasi anakusalimu. Wewe je, afya yako, na kazi ya kupaka rangi magari ya watu? Unakula vizuri?

Nakuandikia kwa jambo. Unajua biashara yangu ya kupamba kumbi imekua. Viti vyangu, maua yangu, vitambaa vyangu. Kitu kimoja tu sina, gari la maharusi. Kila harusi yenye hadhi hapa Tunduma inakodi gari Mbeya, na likija limechelewa anayelaumiwa ni mimi, eti mapambo yamepooza. Mwezi uliopita bibi harusi wa Mlowo alishukia kanisani kwenye pikapu ya mahindi. Alilia mpaka poda ikafanya mifereji.

Nataka gari, Edson. Yonasi anasema tununue Hiace ya abiria, ndiyo inayojilipa. Nikamwambia hakuna msichana aliyewahi kuota kuolewa kwenye Hiace. Akacheka, lakini hajakubali.

Wewe uko kwenye yadi ya magari. Niambie, katika yale madogo ya kifahari, yale yanayokimbia huku yamejiinamia kama duma, lipi linafaa? Lisiwe la waziri, liwe tu la mtu kugeuza shingo.

Dada yako,
Roda


Pretoria, 1 Aprili 2001

Dada mpendwa,

Barua yako nimekabidhiwa na dereva wa lori, imekunjwa mara nyingi kuliko kitenge. Nashukuru Mungu mko salama. Mpe Mama pole ya goti. Mimi mzima, na ninakula, usianze.

Nimefurahi kuulizwa. Hapa wananiuliza rangi tu. Kwa unavyoeleza, unataka BMW ile ndogo, ya mlango wa kuingilia kwenye utajiri. Iko ya umbo la zamani na iko ya umbo jipya, na mafundi wa hapa wakikutana kwenye chai hawaelewani.

La zamani lina kona. Ukilitazama kwa mbele limekunja uso. Ukikata usukani linakuitika hapo hapo. Fundi yeyote anayejua spana analifungua na kulifunga. Lile jipya wamelinyoosha na kulipanua, kona zote wamezilamba. Ndani kimya, unasikia saa ya mkononi. Ukipita kwenye bonde linameza, halikurushi. Ila lina nyaya na kompyuta nyingi, na sijui hapo Tunduma likigoma nani ataongea nalo.

Ukiniuliza mimi, chukua la zamani. Lile jipya ni zuri, lakini limekuwa na adabu mno. Gari la mbio likiwa na adabu sana linanitia mashaka.

Mdogo wako,
Edson


Tunduma, 29 Aprili 2001

Edson mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu, juzi alikwenda sokoni na kurudi na ugomvi, kwa hiyo mzima kabisa.

Barua yako nimemsomea Yonasi. Amesikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu ameandika mambo ya dereva. Bibi harusi haendeshi."

Nimeona amesema kweli. Mambo ya kukata usukani yana faida gani kwangu? Harusi inakwenda polepole kuliko ng'ombe. Mimi nataka kujua mlango wa nyuma unafunguka kiasi gani. Shela za siku hizi zina waya chini, zimevimba kama mwavuli. Bibi harusi akiingia kwa kusukumwa kama gunia, picha zote zimeharibika. Nataka kujua paa halitavunja taji. Nataka kujua matroni mnene ataenea pembeni yake bila kumkalia mkia wa gauni. Na tumbo la gari, lisigote mawe, maana harusi nyingine ziko Itaka huko kwenye vumbi.

Tafuta shela, hata ya kuazima, ukapime magari yote mawili. Usinipimie kwa macho. Nakujua.

Dada yako,
Roda


Pretoria, 10 Juni 2001

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Baridi imeingia, asubuhi maji ya bomba yanakata vidole, lakini mimi mzima. Natumaini Mama na shemeji hawajambo.

Agizo lako limenipa kazi ambayo sikuitarajia. Mtaa wa nyuma ya yadi yuko mshona magauni ya harusi anaitwa Blessing. Nilipoingia akadhani natafuta gauni la mke wangu. Nikamweleza, nataka kuazima gauni nikalipime kwenye gari. Akaweka mkasi chini. Akaniambia kwa Kiingereza hapendi mizaha wakati wa kazi. Nikajitetea, Kiingereza kikaniishia, nikajikuta nasema kwa Kinamwanga, "Mayo, naapa ni dada yangu wa Tunduma." Akanitazama. "Tunduma ipi?" Dada, kumbe ni mtu wa Nakonde, amelelewa ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Zambia. Tukaanza kuongea Kinamwanga pale pale, na wateja wake wanasubiri.

Akakataa kuniazima. Anasema gauni bila mwanamke ndani yake ni pazia tu, halipimi kitu. Jumapili akaja mwenyewe, amevaa shela yenye waya, na viatu vya michezo chini yake. Vijana wa yadi waliacha kula.

Tulianza na la zamani. Aliingia kwa kurudi kinyumenyume, gauni likakwama mlangoni, akabaki nusu nje anacheka hadi akashindwa kupumua. Tukamvuta wawili. Kutoka ilikuwa kazi nyingine. Lile jipya mlango wake umekatwa mpana zaidi, aliketi kwanza, akakusanya gauni, akazungusha miguu, akaingia. Taji halikugusa paa. Kisha akasema gari lililosimama halisemi ukweli, niendeshe. Siti zilikuwa za ngozi. Kona ya kwanza satini ikateleza, Blessing akatoka dirisha hili akaenda dirisha lile kama samaki kwenye beseni. Akaniambia, "Kaka Edson, mwambie dada yako siti ziwe za kitambaa."

Ameniambia mengi. Alijifunza kushona akiwa mdogo kwa kufumua magauni ya mitumba na kuyaunga upya. Akishona huimba sauti ya pili, ya kwanza haiimbi, anasema ya kwanza kila mtu anaijua. Hatii sukari kwenye chai. Shela ya kila mteja huivaa yeye kwanza, aketi, ainame, apande ngazi, maana anasema mabibi harusi wengi hupimwa wakiwa wamesimama tu, kumbe siku ya harusi kutwa nzima wameketi. Nimejifunza kitu hapo.

Kwa hiyo lile jipya limeshinda. Lina nafasi.

Mdogo wako,
Edson


Tunduma, 8 Julai 2001

Edson,

Hatujambo wote. Mama anakusalimu.

Barua yako ilikuwa ndefu, nikamsomea Mama jikoni. Nilipofika kwenye sauti ya pili akaacha kumenya viazi. Nilipomaliza akauliza, "Na gari?" Nikamwambia gari limeshinda. Akasema, "Nimesikia aliyeshinda."

Una miaka thelathini na sita, mwanaume. Blessing ni mtoto wa nani?

Dada yako,
Roda


Pretoria, 5 Agosti 2001

Dada,

Salamu kwenu.

Gari nimelipata. Umbo jipya, rangi ya fedha, maana nyeupe huonyesha kila tope na nyeusi huonyesha kila vumbi. Siti za kitambaa. Springi ni zile za kawaida, nimekataa zile fupi za mbio, tumbo litakuwa juu kidogo kwa ajili ya njia ya Itaka. Limewahi kugongwa kidogo ubavuni, nimelinyoosha na kulipaka mwenyewe, hutaona. Kuendesha nimeendesha. Nilikosea niliposema lina adabu mno. Limetulia tu, ukiligusa linaamka.

Kuhusu swali lako. Kibao cha dukani kwake kimeandikwa Blessing Namfukwe. Namfukwe, dada, kama wewe. Nilikiona siku ile ile ya kwanza, nikamwita dada, naye akaniita kaka. Baba yake ni Simfukwe wa Nakonde, kama mimi nilivyo Simfukwe. Ni wa ukoo wetu, na watu wa ukoo mmoja hatuoani. Nakuomba umwambie Mama asiliseme tena.

Gari litaletwa na dereva ninayemwamini. Mimi likizo sitachukua mwaka huu.

Edson


Tunduma, 2 Septemba 2001

Mdogo wangu Edson,

Natumai barua hii inakukuta na afya, na inakukuta umeketi. Sisi wazima.

Barua yako niliipata. Nilimwambia Mama, akaingia chumbani akafunga mlango. Kesho yake nikasema, kama huyu binti ni ndugu yetu, basi ana wazazi ambao hatujawahi kuwasalimia, na hiyo ni aibu yetu. Nikavaa kitenge kizuri, nikavuka mpaka.

Nyumba ya mzee Simfukwe nikaonyeshwa na wauza samaki. Yule mzee ni wa kwetu kweli, alinitajia mababu hadi nikachoka. Nikapewa uji wa karanga. Nikasema nimekuja kuwasalimu, maana mdogo wangu amempata dada yake Blessing huko Pretoria na anamtunza vizuri. Mama mtu, anaitwa Nesta, akanikatiza. "Dada yake kwa upande upi?"

Nikasema upande wa ukoo. Akamtazama mumewe, mumewe akatazama uji.

Edson, Blessing alikuja katika nyumba ile akiwa mgongoni. Baba yake mzazi alikuwa Sinyinza, alifariki binti hajaanza kutembea, na Nesta akaolewa na mzee huyu. Shule ikamwandika jina la baba aliyemleta darasani. Mzee Simfukwe akasema mwenyewe, "Nimemlea na ni mwanangu, lakini damu ni ya Wasinyinza. Mahari yake nitaigawana nao." Nikamuuliza kama wazee watakuwa na neno. Akasema neno ni moja tu, huyo kijana anangoja nini.

Nesta akanisindikiza hadi barabarani. Akaniambia binti yake huandika nyumbani habari za Mtanzania mmoja anayemwita dada kila baada ya sentensi, na kwamba amekata tamaa.

Acha kumwita dada. Anza leo.

Na gari lisiguswe na dereva mwingine, ulilete mwenyewe.

Dada yako,
Roda


Pretoria, 30 Septemba 2001

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sijakuamkia hivyo tangu utotoni, lakini leo unastahili.

Barua nilipewa saa ya kazi. Nikaenda dukani kwake na rangi mikononi. Alikuwa anapiga pasi. Nikasema, "Blessing." Akangoja neno la mbele. Sikuliongeza. Akaendelea kupiga pasi, kisha akauliza, "Umesahau kitu?" Nikamwambia nimekiacha makusudi. Nikamweleza Nakonde, uji, baba yake Sinyinza.

Pasi iliunguza kitambaa cha mteja. Akasema, "Miezi yote hii ungeuliza tu." Nikamwambia niliona kibao. Akasema, "Kibao ni cha wateja."

Kisha akacheka kama siku ile aliyokwama mlangoni, na mimi nikakaa sakafuni nikacheka naye.

Tunakuja Desemba, kwa njia ya Harare na Lusaka, wawili, na shangazi yake kwenye siti ya nyuma kwa heshima. Mwambie Mama afungue mlango.

Mdogo wako,
Edson


Tunduma, 20 Januari 2002

Edson na wifi yangu Blessing,

Tumefurahi kusikia mmefika Pretoria salama kwa basi. Nyumba imekuwa kimya tangu mwondoke, hata kuku wanashangaa.

Gari linafanya kazi. Jumamosi tulikuwa Itaka, mvua imenyesha, tope hadi kwenye rimu. Gari likateleza nyuma, likarudi njiani lenyewe, na bibi harusi akashuka na gauni jeupe kama alivyopanda. Yonasi hataki tena habari za Hiace. Analiosha yeye, na Jumapili anataka twende nalo kanisani ingawa kanisa liko nyuma ya nyumba.

Picha za harusi yenu zimetoka. Ile ya mpakani ndiyo nzuri, mnatoka Nakonde, wewe kwenye usukani, malori yamejipanga, madereva wameshuka wanapiga makofi, na askari mmoja wa mpaka wa Zambia anawapungia kofia. Kwenye siti ya nyuma anaonekana Mama pembeni ya Blessing, ameshika mkia wa shela mapajani kama mtoto mchanga.

Jana nilimuuliza alionaje safari ile. Akasema ulipokuwa mdogo ulikuwa huwezi kutumwa chumvi bila kukimbia, magoti yako hayakuwahi kukauka vidonda, na alikuwa na hofu kwamba mtoto wa namna ile hatatulia popote. Siku ile alikutazama kisogo kutoka Nakonde hadi nyumbani kwetu. Ulikwenda taratibu, ukikwepa kila shimo.

Nikamwambia, "Mama, hilo ndilo umbo jipya, linameza mabonde."

Akasema, "Si gari, Roda."

Wasalimuni majirani zenu. Mama anawabusu.

Dada yako, na wifi yako,
Roda