Mfano Mdogo Ulioniumbua

Mume wangu Baba Salma,

Pokea salamu zangu kutoka huku Uholanzi kwenye baridi na nchi bapa isiyo na hata kilima cha kumtosha mbuzi. Mwili wangu ni mzima, moyo ndio sina la kusema. Wewe hujambo? Kifua cha mama yangu kule Bigwa kimetulia, au bado anateremka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani kama msichana? Na lile jino la Salma limeng'oka?

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Nimesikitika kusikia kiwanda cha nguo kimepunguza watu tena na safari hii kaka Shabani naye kapitiwa. Kama kweli anatandika mitumba Kihonda na anapata chochote, basi afadhali. Siku hizi kila kitu ruksa, hata mwalimu wa hesabu kuuza mayai ofisini kwa walimu, na mwalimu mwenyewe ndiye wewe. Nilicheka hapo. Kisha nikafika kwenye habari za kunipokea: turubai umeshaagiza, mama na wanawake wa ukoo wameshachagua khanga za sare, na mama yako amesema pilau ni juu yake. Mwishoni ukaniomba nikutumie mfano mmoja mdogo wa kile nilichogundua, wa kuandika ubaoni, ili walimu wenzako waone Mama Salma amefanya nini Ulaya.

Ombi hilo, mume wangu, ndilo lililoniumbua.

Unajua kazi yangu ni zile matriksi, yale majedwali ya namba, ambazo ukizigeuza, kinyume chake hakina namba hasi hata moja. Uzuri wake nilikueleza: ukiongeza unachokidai upande mmoja, jibu upande wa pili haliwezi kupungua. Tasnifu yangu nzima imesimama juu ya dai moja, kwamba ukichukua mbili za namna hiyo ukazijumlisha, jumla nayo inabaki na tabia ileile. Nililithibitisha kwa kurasa nyingi. Profesa akasoma, akakubali. Kompyuta nayo ikakubali kila nilipoijaribu, maana nilikuwa naipa matriksi kubwa za ukoo mmoja tu, zile zenye adabu, ambazo kwa kweli dai linazifaa.

Basi Jumamosi asubuhi nikakaa kwenye chumba cha kufulia, nguo zinazunguka mashineni, nikakutafutia mfano wa mbili kwa mbili. Ya kwanza nikaweka sifuri na moja, chini yake moja na sifuri. Kinyume chake ni yenyewe. Ya pili nikaweka moja na hasi mbili, chini sifuri na moja. Kinyume chake ni moja na mbili, chini sifuri na moja. Safi. Nikajumlisha: moja na hasi moja, chini moja na moja. Nikageuza. Pembeni chini, kushoto, ikatoka hasi nusu.

Nilidhani nimekosea kujumlisha, nikarudia. Nikarudia tena. Baba Salma, hiyo ni hesabu ambayo mwanafunzi wako wa kidato cha nne angeifanya huku anapiga soga. Miaka yote hii sikuwahi kujaribu ndogo, kwa sababu ndogo niliziona za watoto. Nikaziacha nguo humo humo mashineni.

Nikamwonyesha Latha, yule Mhindi ninayeshirikiana naye ofisi. Akaitazama, halafu akafunga mlango. Aliniambia siku ya utetezi wa tasnifu hakuna mtahini atakayejumlisha chochote, wote wameshasaini maoni yao. Akaniambia, "Nenda nyumbani kwa mwanao. Kosa litasahihishwa na mwingine baadaye." Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe ana mtoto Madras.

Sasa nikueleze linaloniaibisha kweli, maana kukosea hesabu si aibu, kila mtu hukosea. Jumanne ilikuwa zamu yangu kufanya mazoezi ya utetezi mbele ya idara. Nilikuwa ninajua. Nikasimama pale na gauni lile la kitenge ulilonishonea, nikaliandika dai lilelile ubaoni kwa mwandiko mzuri, nikalieleza bila kutetemeka. Wakanipigia makofi. Profesa akainuka, mzee wa watu, akanishika mkono akasema anajivunia kunifundisha. Nami nikasema asante! Nilitamani sakafu ipasuke. Tangu siku hiyo nikikutana naye kwenye ngazi najifanya natafuta kitu mkobani.

Nilichokuwa nakipigia mahesabu unakijua. Ufadhili unakwisha muhula huu. Nafasi ya uhadhiri niliyowekewa hapo chuoni Morogoro haitaningoja milele. Na Salma nilimwacha hajui kusema jina lake vizuri, sasa unaniambia anasoma vibao vya maduka. Nikitetea, narudi. Nikisema ukweli, labda watanipa mwaka niijenge upya kwa zile chache ambazo dai linazikubali, labda watanipandisha ndege mikono mitupu. Sijui, na sikuulizi ushauri, maana ukinijibu nirudi tu, nitarudi, halafu nitasimama mbele ya wanafunzi pale Morogoro na kuwafundisha uongo wenye jina langu.

Kwa hiyo turubai lirudishe. Mama yako mwombe radhi kwa niaba yangu, mpaka nitakapopata uso wa kumwomba mwenyewe. Walimu wenzako waambie lolote, au waandikie huo mfano ubaoni kama ulivyo, ni wa kweli kabisa. Salma mwambie wewe, usimwachie bibi yake. Mwambie mama hakuwa tayari. Najua atalia, na najua ni wewe utakayembeba.

Nisalimie mama, mwambie sare wavae hata kwenye harusi ya watu wengine. Kaka Shabani mpe pole. Jirani yetu anayekuangalizia kuku mwambie sijamsahau. Wifi yangu shikamoo zake nazipokea ingawa sistahili.

Sanduku la posta liko getini mwa chuo, na ofisi ya profesa iko ndani. Naitumbukiza barua hii kwanza, ndipo nikamgongee. Ikishaingia humo wewe umeshajua, na mimi sitaweza tena kusema asante.

Ni mimi mkeo, ninayeona haya na ninayekupenda,

Mama Salma