Kanyaga, Shikilia, Achia

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na wanangu wote wawili, ambao nasikia mmoja amekwisha kukupita kimo. Magoti yako yanaendeleaje? Wifi aliniandikia mwaka jana kwamba umeanza kupanda ngazi kwa kushika ukuta. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi siku hizi nainuka kitini kwa awamu. Ukiacha hilo, mimi ni mzima. Nakula, nalala, na bado naweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, mradi nisogee dirishani.

Ndani ya bahasha hii umekuta kitu kidogo nilichokishonea mfuko wa kitambaa cha bluu. Nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Nazijua haraka zako, ndiyo maana nimekishona pande zote nne kwa uzi wa viatu. Kiweke mezani.

Habari kubwa ya hapa nyumbani ni kwamba nimemfufua Kobe. Ndiyo, gari la baba. Nilipostaafu kushona sare kiwandani, wiki ya kwanza nililala, ya pili nikafua mapazia yote, ya tatu nikajikuta nimesimama sebuleni saa mbili asubuhi, nimevaa viatu vya kazini na sina pa kwenda. Nyumba hii ilikuwa ya watu sita. Ukibaki peke yako unajua hata jokofu linaanza kunguruma saa ngapi na linaacha saa ngapi. Basi nikachukua ufunguo wa gereji.

Milango ilikuwa imeshikana kwa kutu, nikaifungua kwa nyundo na maneno ambayo mama asingependa kuyasikia. Matairi yote manne yalikuwa yamekaa chini. Panya walikuwa wamejenga kwenye kiti cha nyuma, upande ule uliokuwa wako. Nikakaa kwenye kile kigoda cha baba nikalia, na sitakudanganya kwamba nilikuwa nalilia gari.

Imenichukua miezi ishirini na miwili. Kila nati niliyoifungua niliiweka kwenye kopo na kuandika imetoka wapi. Nimepiga msasa mpaka alama za vidole vyangu zikafutika. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imeoza, nikamwita fundi wa kuchomelea. Aliniuliza mwenye gari yuko wapi, nikamwambia ndiye anayemshikia taa. Tangu siku hiyo ananiita Bosi. Viti nimevishona mwenyewe, na rangi ni ile ile ya kijani.

Siku niliyofunga bampa ya mbele, jinsi ilivyong'aa, niligeuka nikasema tazama. Nyuma yangu palikuwa na ndoo. Nikaiangalia ile ndoo, nikaona aibu, nikaingia ndani kupika chakula cha mtu mmoja.

Karibu kazi zote za gari mtu anaziweza peke yake, akiwa na jeki na subira. Mimi imenishinda moja tu, ya kutoa upepo kwenye breki. Nadhani unaikumbuka. Baba alilala chini karibu na gurudumu na spana yake. Mimi nilishika chupa yenye mpira, kuangalia mapovu. Wewe ulikaa kwenye kiti cha dereva, mfupi kiasi kwamba ili mguu ufike ulilazimika kuteleza mpaka vikaonekana vidole vyako tu kwenye usukani. Baba akisema kanyaga, unakanyaga. Akisema shikilia, unashikilia, naye anafungua upepo utoke, anafunga, ndipo anasema achia. Hukuwahi hata mara moja kuachia kabla hujaambiwa. Baba aliwaambia wageni kwamba mtaa mzima hakuna mguu mwaminifu kama huo. Sijui kama uliwahi kumsikia.

Miezi miwili iliyopita nilifika kwenye kazi hiyo. Nikamwomba jirani wa mbele, kinyozi, aje anikanyagie. Alikuja kwa moyo safi, lakini simu ikilia anaachia, upepo unarudi wote ndani. Tulijaribu mara tatu. Mwishowe akasema breki inayotaka watu wawili ni breki yenye matatizo yake, akaenda zake. Ningeweza kumwita yule fundi wa kuchomelea, angekuja. Sikumwita. Kila asubuhi nakaa kwenye kiti, nakanyaga, mguu unazama kama nimekanyaga tope, kisha nashuka kwenda kuangalia gurudumu kana kwamba upepo utakuwa umetoka wenyewe. Siwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Kila nikishuka nakukumbuka wewe. Hapa ndipo barua hii nimeichana mara nne.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Jumapili ile, miaka ishirini na mitatu iliyopita, baba akiwa tayari mgonjwa, alituita sebuleni mbele ya baba mdogo na mashangazi, akakukabidhi funguo za Kobe. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Miaka kumi na moja nilikuwa nimelala chini ya gari lile pamoja naye, na wewe ulikuwa hujawahi hata kufungua boneti. Lakini wewe ndiye mtoto wa kiume, na hakuna aliyeona kwamba jambo hilo lilihitaji maelezo. Sisemi hivi kujitetea. Nasema ili ujue nilivyokuwa nimesimama.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi. Ulikaa kwenye usukani, ukazungusha ufunguo, stata ikazunguka, injini isishike. Uliendelea mpaka betri ikafa, ukoo mzima umesimama uani. Baba mdogo akacheka, akasema gari limekukataa, limejua baba yako hajakupa kwa radhi ya moyo. Alikuwa anatania, unajua mdomo wake. Wewe hukucheka. Ukaniomba niangalie. Nikainua boneti, nikainama, nikachukua muda wangu, nikawaambia wote kwamba injini imekufa. Waliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua. Uliweka funguo dirishani, ukachukua begi lako. Mwezi wa pili baada ya hapo baba akafariki. Ulipokuja kuzika ulisimama getini, na tangu hapo hujalala tena nyumba hii.

Mimi nilijiambia kwamba umekasirika tu, na hasira huisha. Lakini katika barua ile ile ya magoti, wifi aliniandikia kwamba hujawahi kununua hata baiskeli, na kwamba kila jambo likikuharibikia unasema ni ile radhi ya baba uliyonyimwa. Nilisoma sentensi hiyo nimekaa kwenye kigoda, mikono ina grisi, na nikaiacha karatasi ichafuke.

Injini haikufa. Gari halikukukataa. Wakati nyinyi bado mnapongezana sebuleni, mimi nilipitia mlango wa jikoni, nikafungua kifuniko cha distributa, nikatoa rota. Ni kidude kisichozidi kidole gumba, ndicho kinachogawa moto kwenye plagi, na kisipokuwepo utazungusha stata mpaka kesho. Nikakitia kwenye mfuko wa aproni. Nilitaka uhangaike kidogo, kisha nije mimi, niinue boneti, niliwashe mbele yao wote, baba aone ni nani anayelijua gari lake. Sikutaka kingine. Lakini baba mdogo alisema alichosema, watu wakacheka, na mkono wangu ukafia mfukoni. Ilikuwa ama niaibike mimi au uaibike wewe, nami nikachagua wewe.

Jioni ile baba aliniuliza mara moja tu kama nimeangalia ndani ya distributa. Nikamwambia nimeangalia. Akanitazama muda mrefu, kisha akaomba maji, wala hakuligusia tena. Alichojua ni chake. Ninachokijua mimi ni kwamba wiki nzima kabla ya Jumapili ile alikuwa akinituma nifute vioo na kuongeza upepo kwenye matairi, ili ulikute gari safi. Radhi yake unayo. Umekuwa nayo miaka yote hii, nami nilikuwa nimeifungia kwenye kopo langu la vifungo, pamoja na ile rota.

Mwezi uliopita niliirudisha rota mahali pake, betri mpya, mafuta kidogo, nikazungusha ufunguo. Akawaka mara ya kwanza. Sauti ni ile ile, ya kikohozi kisha kunguruma. Nilizima hapo hapo, maana sikuwa na haki ya kuisikiliza peke yangu. Nikaitoa rota tena, nikaishonea mfuko kwa kitambaa cha ile aproni. Sasa fungua.

Kobe amesimama gereji, hana sauti na hana breki. Rota nyingine zinapatikana madukani, lakini sitanunua. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukiitupa ni haki yako, ila niandikie hata mstari mmoja kwamba umeitupa, niache kusikiliza geti. Ukija, njoo nayo. Utaiweka kwa mkono wako, nitakuonyesha, inakaa kwa namna moja tu. Kisha utakaa kwenye kiti cha dereva, mimi nitalala chini karibu na gurudumu, na magoti yangu haya haya, nitasema kanyaga. Na sitakuambia uachie mpaka upepo wote uwe umetoka.

Nisalimie sana wifi, wala usimkasirikie kwa kuniandikia. Waambie wanangu shangazi yao amewashonea kiti cha nyuma, na ameacha nafasi ya miguu yao mirefu.

Ni mimi dada yako,
aliyekuwa anashika chupa.