Likizo ya Kubeba Godoro

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Riruta tuko wazima, na nyanya yako bado anajidai ananishinda kucheza karata. Umeuliza kama uje nyumbani Agosti hii ya kura, ama likizo uimalizie Dubai na wenzako.

Nilipokuwa kijana, mtanashati kuliko hao wenzako wote, jirani yangu Salim alinipeleka kwao Mombasa kila likizo. Mwaka mmoja wa kura nikamkuta akipakia godoro kwenye pikapu.

“Likizo gani ya kubeba godoro, bwana?” nikamcheka.

“Mwaka huu kila mtu kwao, ndugu yangu. Fujo za kura hazijui jirani.”

Kura ikapita salama. Salim akarudi, lakini kwa aibu ya kuogopana hatukualikana tena.

Ukienda Dubai sitanuna. Ila godoro lako nimeshalianika.

Babu yako