Nilikudanganya Kuhusu Mtihani, Mama

Mama,

Nakuamkia huko uliko. Sisi hapa Timbwani tu wazima, ila moyo wangu haujatulia, na hili nimeona nikuambie mwenyewe.

Sikuwa nimejiandikisha.

Ile siku hospitalini ng'ambo ya feri, uliponishika mkono ukaniuliza, "Mwanaisha, mtihani umejiandikisha?" nikakujibu ndiyo, ule ulikuwa uongo. Muuguzi alipokuja kukupima presha ukamwambia kwa sauti wodi nzima isikie, "Huyu binti yangu mwaka huu anafanya mtihani wa kidato cha nne, na ana mtoto mkubwa!" Muuguzi akanipa hongera. Nikatabasamu, mama. Siku ya tatu ukatutoka.

Nilikuwa nimekwenda kweli. Nilifika hadi kwenye ofisi ya ile shule uliyokuwa ukifagia madarasa yake miaka yote, kitambulisho na matokeo yangu ya darasa la nane yamo mkobani. Nikachungulia dirishani nikamwona yule mwalimu wa kemia, yule aliyekuwapo siku niliyoambiwa nirudi nyumbani na tumbo langu, niko kidato cha tatu, na wewe umesimama koridoni na ufagio. Nikageuka pale pale. Nikarudi kwenye cherehani nikajiambia, mwaka ujao. Mtihani upo, utakwenda wapi?

Ulipofika msimu wa mitihani, Bi Mejumaa jirani, ambaye ulikuwa umeshamsimulia habari hiyo alipokuja kukutazama wodini, alinisimamisha mlangoni. "Vipi mitihani, mwanangu?" Nikamwambia alhamdulillahi, naendelea vizuri. Wiki tatu nzima nilikuwa natoka asubuhi na kalamu mkononi ili anione, kisha naketi dukani kwa fundi mwenzangu. Hata wewe nilikuingiza katika uongo wangu, maana yeye alikuwa akikuombea dua na kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo halipo.

Kisha mwaka huu wazazi wa gredi ya tisa tukaitwa shuleni kwa kina Riziki. Mjukuu wako amekuwa mrefu, sare nimemfungulia pindo mara mbili. Mwalimu akatueleza mambo mapya ya sekondari ya juu. Kila mtoto atachagua mkondo wake: sayansi, au sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kumaliza shule hakutakuwa tena kwa karatasi za mwisho peke yake, hata kazi ya darasani itahesabiwa. Baba mmoja akauliza, "Na huu mtihani wa kidato cha nne je?" Mwalimu akasema, "Unafungwa, mzee. Hawa walioko kidato sasa ndio wa mwisho mwisho." Nyuma yangu mtu akasema, "Aliyeukosa kaukosa!" Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka.

Njiani Riziki alikuwa akinihadithia anavyotaka mkondo wa michezo, sababu ya mpira wake. Sikusikia hata neno. Akasimama. "Mama, una nini?" Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yote pale pale kando ya barabara, watu wanapita.

Akanitazama. "Kwa hiyo bibi amekufa akidhani..."

"Ndiyo."

"Na aliyekuwa tumboni ni mimi?"

"Ni wewe."

Kutwa hiyo na kesho yake hakusema nami. Alikupenda mno, mama, na hasira yake nilistahili. Jioni ya siku ya pili alinikuta napiga pasi mashati ya wateja, akaniuliza, "Utajiandikisha lini?" Hakuuliza kwa upole. Ungemsikia ungedhani ni wewe.

Nikaenda. Ofisini nilimkuta mwalimu mgeni, msichana mdogo. "Karibu mama. Umekuja kumsajili mtoto?"

"La, mwalimu. Ni mimi mwenyewe."

Akavuta kiti nikae. Nilipouliza habari za yule mwalimu wa kemia, akasema hamjui, labda alihamishwa zamani. Wallahi nilitamani kulia. Hata siku ile ya dirishani, huenda sikumwona yeye. Huenda ilikuwa hofu tu iliyomvika mtu mwingine sura yake.

Miezi yote tangu siku hiyo nimesoma kama mwizi anayekimbizwa. Nikikata kitambaa, daftari liko kando. Kiswahili na dini sikuviogopa. Hesabu, mama, hesabu! Riziki alijaribu kunisaidia, lakini yake na yangu hazifanani, akawa anachukua maswali yangu kumpelekea mwalimu wake na kurudi na majibu.

Siku ya karatasi ya kwanza ya hesabu niliketi katikati ya watoto waliovaa mashati niliyoyashona mimi. Nikafungua. Swali la kwanza nikalijua. La pili, la tatu, la nne, yote yakawa giza. Jasho likanitoka hadi kalamu ikateleza. Nikawaza, naomba ruhusa ya kwenda haja, halafu sirudi. Nikainua mkono, macho yakimtafuta msimamizi, na hapo nikamwona kijana wa mbele yangu, mguu wake unatetemeka chini ya meza. Hodari wa darasa lao, kila mtu amjua. Naye anaogopa. Nikashusha mkono. Nikarudi kwenye swali la kwanza nikaandika nililolijua, kisha nikatafuta jingine. Nusu labda niliipata. Nusu, mama. Sikuongezei.

Juzi nimemaliza karatasi ya mwisho. Nikapita moja kwa moja kwa Bi Mejumaa nikamwambia ukweli wa mwaka jana. Akasema, "Mama yako nitamwombea upya." Sijui kama amenisamehe. Sikumuuliza.

Nilidhani nikimaliza nitapumua, lakini usingizi bado hauji vizuri. Nikianguka, sijui kama nitapata nafasi nyingine kabla hawajaufunga. Na Riziki naye anangoja kuambiwa atapelekwa shule gani. Nyumba nzima tunangoja.

Mama, sikuahidi alama. Nakuahidi kwamba matokeo yakitoka nitakuja makaburini na Riziki, nikusomee somo kwa somo kama yalivyoandikwa, hata kama la hesabu litanifedhehesha. Na ikiwa bado kuna mwaka mmoja uliobaki, nitajiandikisha tena mapema, mchana, watu wakiniona.

Mola akupe nafasi pana na nuru huko uliko. Nisamehe, mama.

Mwanao,
Mwanaisha