Nyota Niliyoifuta Kwenye Lango Lako

Boss wangu Wandera,

Nimekosa mtu mwingine wa kumwambia, ndiyo maana nakuandikia wewe uliyelala Funyula. Niko kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, hapa Busia. Nimeliharibu lango lako, na mtoto wa watu yuko ndani anapumua kwa oksijeni.

Ulipozikwa, kliniki ya Malaba walinipigia wakasema kazi yako sasa ni yangu. Nikakubali. Nani angekataa kazi ya mwalimu wake? Lile lango dogo la API tulilijenga pamoja, kwa ule mfumo wa Java wa kuunganisha programu, kwenye chumba chetu juu ya duka la vipuri. Kompyuta ya maabara inatoa majibu, lango linayapokea, linakagua namba ya simu, linaweka 254 ya Kenya mbele, kisha mgonjwa anapata ujumbe. Ulinilazimisha kuchora kila njia kwa chaki kabla sijagusa kibodi. "Nabwire, fuata ujumbe mpaka mfukoni mwa mtu," ulikuwa ukisema, halafu unacheka ukiona nimenuna.

Lakini hukuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo, Boss. Hata mmoja! Kila kitu ulikibeba kichwani, na kichwa ukaenda nacho. Nina hasira nawe, na ninaona aibu kukasirikia marehemu.

Wiki mbili baada ya mazishi nilifungua programu yako nikaanza kuisafisha. Nikakuta njia moja ya pembeni. Namba yoyote yenye nyota mwishoni ilikuwa haitumiwi ujumbe, inaandikwa kwenye orodha tu. Nikadhani ni majaribio ya zamani uliyoyasahau. Nikaing'oa, nikaweka kipande changu kinachofuta kila kisicho tarakimu. Nikajaribu kwa namba yangu, ya dada yangu, ya jirani. Kila kitu kikapita. Nilijisifu sana siku hiyo, na nikalia kidogo kwa sababu hukuwepo kuona.

Kumbe nyota ilikuwa mapatano yako na Mama Adhiambo wa mapokezi. Watu wa Malaba wana laini mbili za simu, ya Kenya na ya Uganda, na namba ya Uganda nayo huanza na sifuri saba, tarakimu kumi kama zetu. Mtu akitaja ya Uganda, Mama Adhiambo anaweka nyota, na orodha inamrudia ili apige simu mwenyewe. Mimi nilifuta nyota, lango likabandika 254, na majibu yakaenda kwa Wakenya wasiojua lolote. Kila mara lango liliandika: umefika. Nami niliamini.

Juzi mwanamume wa Kitale aliwapigia kliniki akifoka, "Hii ni mara ya tatu mnaniambia nilete mtoto haraka. Mimi sina mtoto huko!" Mama Adhiambo akanigeukia. "Nabwire, na ile orodha yangu? Mimi nilifikiria siku hizi ni wewe unapigia hao watu." Nikakaa chini sakafuni.

Tulipiga namba zote zilizopotea mpaka tukawapata wenyewe. Huyu mtoto tulimpata tayari amelazwa. Anaitwa Ekirapa, ana miaka minne, kwao ni Moding. Mama yake anauza vitunguu ng'ambo ya mpaka, ndiyo maana alitoa laini ya Uganda. Majibu ya kifua kikuu yalikuwa tayari wiki tatu zilizopita. Asubuhi hii mama huyo alinisogezea nafasi kwenye benchi, akidhani kliniki wamenituma kumjulia hali. "Nilingojea simu, dada. Haikulia, nikasema basi, mtoto ako sawa." Kisha akanishukuru kwa kuja. Akanishukuru mimi!

Nimeomba mpaka maneno yameniisha.

Ningeweza kusema ni mtandao. Hapa mpakani mtandao hubebeshwa kila lawama, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Nimelifikiria hilo tangu jana, na sikufichi.

Njia yako nimeirudisha, na sasa ina maelezo, ukurasa mzima, pamoja na jina langu na nilichokifanya. Nakuahidi sitafuta tena kitu nisichokijua kabla ya kumuuliza anayekitumia. Nakuahidi na hili lingine, ambalo ni gumu zaidi.

Mama Ekirapa ametoka wodini. Amesimama mlangoni, leso mdomoni, ananitafuta kwa macho, na sielewi uso wake unasema nini. Lala salama, Boss. Nakunja karatasi hii nisimame, nimwambie ni mimi, kabla hajaniambia mtoto yukoje.

Nabwire